Vitenzi vya Akili: Weizenbaum na Uelezaji wa Kompyuta kwa Umma

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT alichapisha maelezo ya ELIZA, programu iliyozungumza kwa kuigiza tabibu wa nafsi. Baadhi ya waliozungumza nayo ilikuwa vigumu kuwasadikisha kuwa si binadamu. Weizenbaum hakuitukuza imani hiyo. Alianika kanuni za programu, na mwaka 1976 akauandikia umma kitabu cha kuonya. Hapo ndipo ilipo thamani ya maandishi yake: hayamtaki msomaji astaajabu, humwonyesha utaratibu.

Utaratibu wenyewe ni wa kisarufi. Kwa Kiswahili, “Mama yangu hanipendi” ingerejeshwa “Kwa nini unasema mama yako hakupendi?” Kimilikishi kimebadilika, na kiambishi cha yambwa -ni- kimekuwa -ku-, hakuna kilichoeleweka.

Istilahi “akili unde” ya Kenya na “akili mnemba” ya Tanzania angalau zinatahadharisha, kwani neno la pili huliwekea mipaka la kwanza. Vitenzi havina kinga hiyo. Mtafiti anayeuambia umma kuwa mashine “inaelewa” hufunika alichofunua Weizenbaum, na msomaji anayemsadiki huikabidhi mashine siri na maamuzi yake.