Nywele za kubandikwa na nywele za kuchongwa

Kuna kitu kimoja tunakiona siku hizi kwenye sanamu za Kiluba zinazochongwa ndani ya ordinatere, na hatuwezi kukinyamazia. Uso unakuwa mzuri, macho yamefumba vile inavyopaswa, shingo iko na mikunjo yake. Lakini geuza sanamu uangalie kisogo: nywele zimebandikwa. Zimelala juu ya kichwa kama kamba juu ya jiwe. Ukizipuliza zinaanguka!

Sababu yake ni chombo cha mstari wa kupinda. Ndani ya programu ya Blender, ambayo kila mtu anaipata bure, kijana anaweka nukta mbili tatu, anavuta vishikio vyake, mstari unapinda. Halafu anaupatia unene, unakuwa bomba. Ndani ya ZBrush inaenda mbio zaidi: unapitisha kalamu juu ya kichwa mara moja, na programu yenyewe inapanga kipande cha msuko, na kingine, na kingine, paka mwisho wa mstari. Kidogo tu, kichwa kimesukwa. Mama zetu, wale wa kukaa kutwa nzima na kichwa cha mtu katikati ya magoti, wangecheka.

Hatusemi chombo ni kibaya. Tunauliza tu kwao ni wapi. Mstari ule wa Blender unaitwa kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault kule Ufaransa. Naye Paul de Casteljau wa Citroën alikuwa amefika kwenye hesabu ile ile mbele yake, mwaka 1959, ila kampuni yake iliificha. Wote wawili walikuwa wanatafuta namna ya kuchora bodi ya motokari. Na bodi ya motokari inataka mstari laini, usio na kikwazo, upande wa kushoto sawasawa na wa kuume. Chombo kimekuja na tabia ya kwao, ni vile tu.

Sasa tumuangalie mchongaji mmoja ambaye jina lake halikuandikwa. Wataalamu wa Ulaya walimpa jina la kupanga: Fundi wa Nywele za Maporomoko. Kazi zake ni za Waluba wa upande wa Shankadi, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Alichonga mito ya mti, ile ya kuwekea shingo wakati wa kulala. Mmoja uko British Museum, London. Wanawake wawili wanatazamana, wameshikana, na vichwa vyao vinabeba kibao cha kulalia. Nyuma ya kila kichwa nywele zinashuka ngazi kwa ngazi, zinatanuka kama mabawa. Msuko huo uliitwa mikanda, na watu waliuvaa kweli. Ndiyo maana mto ulikuwa wa lazima, juu usiku nywele zisiharibike. Mto unaonyesha nywele zile zile unazozilinda.

Mchongaji huyo alikuwa na gogo moja. Hakuongeza kitu, aliondoa tu. Kama alitaka ngazi za nywele zifike mbali nyuma, ilimpasa kuuacha ule mti tangu pigo la kwanza la tezo, mbele uso haujakuwa uso. Nywele zilidai nafasi yao kwanza, mwili ukajipanga chini yake. Ndani ya ordinatere ni kinyume: mwili umekwisha, ndipo nywele zinaitwa, kama mgeni aliyechelewa karamu. Kosa tunaliona hapo, siyo katika hesabu ya Bézier.

Kwa maoni yetu mstari uchorwe mapema, wakati kichwa kingali donge tupu. Mistari mitatu minne ya kupima tu, na mtu ageuze sanamu pande zote aone uzito unaangukia wapi. Kwa kazi hiyo chombo hiki kinalishinda tezo mbali sana: nukta moja utaisogeza mara kumi bila kuharibu kitu. Kisha mistari iunganishwe na kichwa (Blender, tangu toleo la 2.81 la mwaka 2019, inaweza kuyeyusha vyote viwe donge moja), kile kioo cha kunakili kushoto kwenda kuume kizimwe, na ngazi zikatwe moja moja kwa mkono. Itachukua siku. Basi, ichukue.

Wengine watatujibu kwamba sanamu ya mchezo wa video hakuna anayeitazama kisogo. Kumbe, katika michezo mingi mchezaji anamfuata mtu wake kwa nyuma, na kisogo ndicho anachokiona saa zote! Mtoto wa Kamina hatafika London kesho kuona ule mto. Mikanda ataijua kwa kisogo cha kwenye skrini, na kama ni bomba limebandikwa, ataamini kwamba bibi zake walivaa bomba.