Akili ya Mashini na Shauri la Watu

Siku ya 13 Januari 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kitabu kidogo chenye mashauri 50 juu ya akili ya mashini, ile ambayo wengine huiita akili bandia. Aliyekitunga ni Bwana Matt Clifford, kwa agizo la serikali. Naye Waziri Mkuu Keir Starmer akakipokea kwa furaha. Twapenda kukichungua hapa. Si kwamba Uingereza ni nchi yetu; bali vitabu vya namna hii vitaandikwa na serikali nyingi, na yafaa padri ajue kuvisoma.

Kwanza tuseme mazuri yake. Kimepangwa vema, katika sehemu tatu: kuweka msingi, kubadili maisha ya watu kwa mashini hizi, na kuzaa kazi za akili hiyo ndani ya nchi yenyewe. Hakifichi nia yake. Chataka nguvu za kompyuta zilizo za taifa, zitumikazo kwa uchunguzi, ziongezwe mara 20 kufika mwaka 2030. Chataka pia mahali maalum pa kujenga nyumba kubwa za mashini. Pa kwanza palitajwa Culham, katika jimbo la Oxfordshire. Chataka taifa liwe mtengenezaji, lisiwe mnunuzi tu. Nani atamlaumu baba wa jamaa atakaye watoto wake walime shamba lao, wasiombe unga kwa jirani?

Lakini watoto wenyewe wasema nini? Mwezi wa Machi 2025, taasisi mbili za London, Ada Lovelace Institute na Alan Turing Institute, zilitangaza majibu ya watu wa nchi ile. Katika watu 100, watu 72 walisema kwamba sheria zingewatuliza moyo juu ya akili ya mashini. Katika uchunguzi uliotangulia walikuwa 62. Na watu 88 katika 100 waliona ni jambo la maana serikali ama wasimamizi wawe na uwezo wa kuzuia mashini yenye kuleta hatari kubwa. Kumbe watu hao hawasemi: «Ondoeni mashini.» Wengi wao wakiri kwamba yaweza kusaidia waganga kutambua kansa. Wasema tu: «Wekeni ulinzi.»

Mwingine atajibu kwamba hofu hiyo ni ujinga, nayo itakwisha watu wakifundishwa. Sisi hatukubali. Hofu hiyo ina kumbukumbu. Mwezi wa Agosti 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Covid, mitihani haikufanyika. Hesabu ya mashini ikatumika katika Uingereza kuwapa wanafunzi alama zao. Karibu alama 40 katika kila 100 zilishushwa chini ya zile walizokadiria waalimu. Baada ya siku chache serikali ikaiacha hesabu hiyo. Tena, tangu mwaka 1999 kufika 2015, wasimamizi wa nyumba za posta zaidi ya 900 walihukumiwa kuwa wezi ama wadanganyifu, sababu kompyuta zilionyesha fedha zimepungua. Mashini ilisadikiwa, mtu hakusadikiwa. Ilihitaji sheria ya mwaka 2024 kufuta hukumu zao kwa wingi. Mtu aliyeumwa na nyoka, akishtuka kwa kuona kamba, tusimwite mjinga.

Hapa ndipo tuonapo kasoro ya kitabu. Kati ya kanuni zake, moja yaagiza serikali iwe upande wa wavumbuzi, na katika kila jambo ijiulize kama linawafaa wale wanaojaribu mambo mapya na makubwa. Mtakatifu Thoma atufundisha kwamba sheria yaelekea faida ya wote, na kwamba kutafuta shauri ni kazi ya busara. Mvumbuzi ni mmoja wa wote, si wote. Mwamuzi akitangaza mapema yuko upande wa nani, aliyeshindwa atasadikije hukumu yake?

Na tazama yaliyotokea kwa watunzi. Toka Desemba 2024 kufika Februari 2025 serikali iliuliza watu kama makampuni yaweza kufundisha mashini zao kwa vitabu na nyimbo za watu, ila mwenyewe akikataa. Lakini katika kuuliza ilikuwa imekwisha kutaja njia iliyoipenda. Majibu zaidi ya 11,500 yakaja, na waimbaji zaidi ya 1,000 wakatoa sahani ya muziki isiyo na wimbo, sauti tu ya vyumba vitupu. Kutafuta shauri baada ya kuchagua si shauri, ni tangazo.

Hatusemi kwamba sauti ya watu ni sauti ya Mungu sikuzote. Makutano waliomshangilia Bwana wetu penye lango ndio waliosikiwa wakiomba asulibiwe, ama jamaa zao. Mtawala aweza kupaswa kuwapinga watu. Lakini kwanza awasikilize, kisha awaeleze sababu. Kitabu hiki chahesabu kompyuta vizuri. Watu chawahesabu kama njia ya kupitia.

Baba Mtakatifu Leo XIV, aliyechaguliwa siku ya 8 Mei 2025, alieleza kwamba alitwaa jina lake kwa kumkumbuka Leo XIII, aliyewatetea wafanyakazi mwaka 1891 wakati wa viwanda vipya, kwani akili ya mashini yaleta swali lile lile leo. Sisi wa Kongo twajua swali hilo: koltani ya milima yetu imo ndani ya mashini hizo, na wachimbaji wake hawakuulizwa. Siku watawala wetu watakapoleta mpango wao, tusiangalie kwanza mashini ngapi zitanunuliwa. Tuangalie nani aliitwa kwenye shauri, na aliitwa kabla ya neno kukatwa, ama baadaye.