Donge Lililokandwa na Mwingine

Nililipia darasa la siku moja mjini Bologna, Italia, nijifunze kutengeneza tambi kwa mkono. Somo lilianza vizuri: gramu 100 za unga wa ngano kwa yai moja, kanda mpaka donge lilainike, lifunike litulie nusu saa, ndipo usukume. Tukaelezwa kwamba tangu mwaka 1972 Chemba ya Biashara ya mji huo imehifadhi kipimo cha tagliatelle: upana wa milimita 8 zikishapikwa.

Kasoro ilikuwa moja, nayo kubwa. Kila donge langu lilipopasuka, mwalimu alilichukua akalimaliza mwenyewe. Tulikula vizuri mno, nikaondoka na cheti.

Nyumbani nikamwalika mama. Donge likapasuka, na wa kunipokea hapakuwa. Mama, aliyenifundisha chapati bila mizani, hakuinuka. "Lowesha viganja, mwanangu. Endelea."

Tulikula usiku sana, tena tambi zilikuwa nene. Lakini zilikuwa zangu. Tangu hapo silipimi darasa kwa utamu wa chakula chake, bali kwa subira ya mwalimu kutazama unga ukiharibika mikononi mwa mwanafunzi.