Mwizi wa Kikombe na Herufi Moja

Katika utenzi wa Beowulf, mtu mmoja anajipenyeza pangoni mwa joka na kuiba kikombe, na kwa sababu ya kikombe hicho nchi nzima inachomwa moto. Alikuwa nani? Utenzi huo umetufikia kwa mswada mmoja tu, ulionakiliwa karibu na mwaka 1000, ambao sasa umo katika Maktaba ya Uingereza, London. Pale mwizi anapotajwa, ukurasa umechakaa vibaya, na herufi ya kwanza ya jina la cheo chake ndiyo pekee inayosomeka kwa yakini. Wahariri wengine wamejazia “mtumwa”. Wengine wamejazia “shujaa wa mfalme”. Wa kwanza wanasema mistari inayofuata inamwonyesha akikimbia mapigo, na anayekimbia kiboko cha bwana ni mtumwa. Wa pili wanajibu kwamba hata mtu wa heshima aliweza kujikuta mkimbizi asiye na pa kujisitiri. Mimi nawaunga mkono wa kwanza, lakini kila nikiutazama ukurasa huo kwenye picha nawaelewa pia wa pili.

Watu hudhani kwamba anayechukua shahada ya uzamili katika lugha na utamaduni wa Waingereza na Wanorse wa zama hizo anasomea panga na merikebu. Panga zipo. Ila kazi yenyewe hufanyika mezani, mbele ya doa kama lile, na ndiyo ninayoisifu hapa. Inataka sarufi kwanza: nomino zenye jinsi tatu, zinazobadilika umbo kila zinapobadili kazi katika sentensi. Kisha inataka jicho la kutambua mkono wa mtu. Beowulf ilinakiliwa na watu wawili. Wa kwanza aliachia kwenye mstari wa 1939, na pale wa kwanza alipozoea kuandika eo, mwenzake mara nyingi huandika io. Jicho lililofundishwa huliona badiliko hilo bila kuambiwa. Waliowahi kuhangaika na tenzi zetu za kale katika hati za Kiarabu, zenye nukta zilizofutika, hawahitaji kuelezwa kazi hii ina uzito gani.

Mwaka 1731 nyumba ya Ashburnham huko Westminster, ilimowekwa maktaba iliyokusanywa na Robert Cotton, ilishika moto. Beowulf iliokolewa, lakini kingo za kurasa ziliungua, na kwa miaka mingi baadaye zikawa zinamomonyoka kila zinapoguswa. Katika miaka ya 1780 akaja Grímur Thorkelin, mtu wa Iceland aliyekuwa akifanya kazi Denmark. Alimlipa mnakili atengeneze nakala moja, naye akaandika ya pili kwa mkono wake. Mnakili yule hakuijua lugha, kwa hiyo alichora alichokiona. Thorkelin aliijua kidogo, na mara nyingine aliandika alichodhani kilipaswa kuwepo. Herufi nyingi zilizodondoka tangu wakati huo zimebaki katika nakala hizo mbili tu, na anayezitumia leo lazima ajue tabia ya kila mmoja kabla ya kumwamini. Mwaka 1807 Waingereza waliishambulia Copenhagen kwa mizinga, na kazi aliyokwisha kuiandaa Thorkelin ikateketea. Nakala zilipona. Alianza upya, akachapisha mwaka 1815.

Upande wa Wanorse, ninayemheshimu kuliko wote ni Árni Magnússon. Alizunguka Iceland akikusanya miswada ya ngozi ya ndama, hata vipande vilivyokwisha kukatwa kuwa vielelezo vya kushonea nguo, na aliandika kwenye vikaratasi kipande kimetoka wapi na kwa nani. Moto ulipoifagia Copenhagen, alikoweka mkusanyo wake, mwaka 1728, vitabu vyake vya chapa viliteketea, lakini sehemu kubwa ya ngozi zile iliokolewa. Alifariki mwanzoni mwa 1730. Vile vikaratasi, vinavyoonekana si kitu, ndivyo vinavyomwezesha mwanafunzi wa leo kuufuata mswada hadi kwenye shamba lilikotoka.

Kuna kitabu kingine cha ngozi, kile kinachoitwa Codex Regius, chenye mashairi ya miungu na mashujaa, kilichoandikwa Iceland karne ya 13. Kwa miaka mingi kilikaa Copenhagen kama mali ya mfalme wa Denmark. Kilirudishwa kwao mwaka 1971 kwa manowari ya Denmark, na watu wakafurika bandarini Reykjavík kukipokea. Kilirudi na pengo lake: katikati ya habari za shujaa Sigurd kuna kurasa zilizopotea, na hajulikani wa kuulizwa. Mhariri huacha pengo palepale lilipo, kisha humwelekeza msomaji kwenye Völsunga saga, inayosimulia habari hizo kwa nathari, kazi ya mtunzi aliyeyajua mashairi ya namna hiyo. Anayeandika tasnifu juu ya Sigurd hana budi kulivuka pengo hilo, na kila sentensi anayoiandika humo inapaswa kuonyesha lipi limetoka kwenye ngozi, lipi kwenye saga, na lipi kichwani mwake mwenyewe.