Kingi wa Beni na Mfalme wa Kusadikika

Jina la Mkwajuni halihitaji mkalimani. Palikuwa na mkwaju, watu wakakaa, basi. Mkwajuni hii ya kwetu ni makao makuu ya Wilaya ya Songwe, katika mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Iko nyingine Kinondoni, Dar es Salaam, na nyingine kaskazini mwa Unguja, na hakuna aliyewahi kwenda mahakamani kudai kaibiwa jina. Mbuyuni, Mwembeni, Mkuyuni: aliyeshika kanuni anaweza kukipa jina hata kijiji ambacho hakijajengwa.

Anayetaka kubuni nchi ya kuchezewa na wengi, ambamo kila mchezaji atajitwalia jina, cheo na namna yake ya kusema, hukutana na swali hilo kabla ya mengine. Awape wenzake orodha ya majina, au awape kanuni ya kuyazaa? Ni swali la umbo, na wengi hulipita wakikimbilia kuchora ramani.

Fasihi ya Kiswahili haikuchelewa kubuni nchi. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, miaka mitatu kabla juzuu ya kwanza ya The Lord of the Rings haijatoka Uingereza. Mwaka uliofuata akaja na Adili na Nduguze, yenye Ughaibu ya Mfalme Rai. Kufikirika ilichapishwa 1967, mwenyewe akiwa amefariki tangu 1962. Katama Mkangi akatupeleka Walenisi mwaka 1995. Ken Walibora akatujengea Tomoko, na Pauline Kea akatupa Sagamoyo, ambayo jina lake linaigonga Bagamoyo bega makusudi. Nchi zipo za kutosha. Ninachouliza ni kama kuna hata moja ambayo mtu mwingine anaweza kuhamia na mizigo yake.

Kusadikika ndiyo iliyowafundisha wengine, kwa hiyo na itangulie. Ni nchi iliyo angani. Karama yuko kizimbani kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria, na mshitaki wake ni Waziri Mkuu, Majivuno. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, juu mbinguni na chini ardhini. Kila mjumbe hupata taabu njiani, hufika, huona jambo litakaloinufaisha nchi yake, hurudi, hueleza, hufungwa.

Msomaji mwenye haraka hulalamika kwamba visa hivyo vinafanana. Vinafanana kwa kusudi. Ukifika kwa mjumbe wa nne huna tena hamu ya kujua yatakayompata. Macho yako yamehamia kwa wanaomhukumu. Mjumbe mmoja akifungwa unaweza kusema ni bahati mbaya, lakini sita ni desturi ya serikali, na Karama hahitaji kulisema hilo kwa sauti kwa sababu mpangilio wa kitabu umeshamsemea. Sijui kazi nyingine ya Kiswahili iliyobana hoja yake kwa nyenzo chache namna hii.

Sasa jaribu kuichezea. Mmekaa wanne jioni, mmoja kapewa kuwa Majivuno. Aamue nini? Jina limekwisha kumwamulia kila kitu, hadi mwendo. Ughaibu ni vilevile: mwenye ndugu wanaoitwa Hasidi na Mwivu hana haja ya kusubiri ajue nani atamtendea ubaya. Mila nazo zinatufikia zikiwa ripoti. Tunaambiwa sheria za majirani kuliko tunavyoambiwa wanavyosalimiana asubuhi, au mgeni anakalishwa wapi, au mtoto akivunja chungu anaitwa nani. Jirani wa Kusadikika anaingia kitabuni akiwa amekwisha kugeuzwa hoja.

Simlaumu mzee wetu. Aliandika chini ya ukoloni, na nchi ya angani ilimpa pa kusemea. Fumbo linataka kufuli, naye alifunga barabara.

Mkangi aliusukuma mlango kidogo. Dzombo, aliyehukumiwa kufa, anarushwa katika chombo cha kumpeleka kwenye mauti, akatua Walenisi mzima. Mgeni ni mbinu nzuri kwa nchi ya kubuni: asichokijua yeye nasi hatukijui, na akikosea adabu tunajifunza adabu yenyewe. Shida ni kwamba wenyeji wa Walenisi wanapenda kufundisha. Dzombo anauliza, wanamjibu kwa kirefu, na zipo kurasa ambazo nilitamani mmoja wao aseme tu, "Sijui bwana, ndivyo tulivyozoea."

Kazi iliyofaulu hapo ambapo riwaya zilikwama haina mwandishi. Ni ngoma ya beni. Ilianzia Lamu na Mombasa miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za tarumbeta za wanajeshi, ikashuka pwani hadi Tanganyika, na huku ikagawanyika Marini na Arinoti. Marini walikuwa makarani na watu waliojihesabu wa mjini. Arinoti zaidi ni vibarua na watu wa bara. Vita vya 1914 hadi 1918 viliisafirisha pamoja na askari na wapagazi mpaka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ikazaa mganda, malipenga na nyinginezo. Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975, na anayetaka siasa yake amsome yeye. Mimi nataka kuisoma kama maandishi.

Tazama vyeo vyake. Kila tawi lilikuwa na Kingi, na chini yake majenerali na maafisa kwa ngazi zao, wanawake nao wakiwa na vyeo vyao. Sasa liweke jina la Kingi kando ya jina la Majivuno. Kingi ni jina la kiti. Linakueleza utakaa wapi, utatanguliwa na nani, utapigiwa saluti na nani. Halisemi lolote kuhusu moyo wa aliyekalia. Leo ni karani wa forodha, kesho karani kahamishwa, anakalia mwingine, na gwaride la Jumapili liko palepale. Mtunzi wa beni, ambaye ni watu mia moja, alijua kuacha nafasi.

Na nafasi hiyo ilisafiri. Mwanachama akihamia mji wa mbali, tawi la kule lilimpokea, likamlisha, likamkaribisha kama mwenzao. Nchi ya Marini haikuwa na ardhi hata ekari moja, lakini mtu aliweza kusafiri ndani yake wiki nzima bila kutoka. Waingereza walipoanza kuzipitia barua za matawi hayo, mwaka 1919 na baada yake, walizichunguza kwa hofu ya njama ya kisiasa. Ndivyo inavyokuwa mtu akisoma tamthilia akidhani ni muhtasari wa kikao.

Jambo lingine, nalo wabunifu wa leo hulisahau sana: Marini bila Arinoti hawafai kitu. Ushindani wa mavazi, wa karamu, wa nyimbo za kuchokozana ndio uliowapa watu cha kufanya. Huko Mombasa wanawake wa ngoma ya lelemama walilielewa hilo, nao wakawa na vyama vyao vya kushindana kwa vyeo na fahari. Ulimwengu wenye upande mmoja unaisha siku ya pili.

Mila kwa karibu, basi. Ukivuka mpaka pale Tunduma na kuendelea hadi Ukanda wa Shaba wa Zambia, unafika kwenye ngoma ya kalela, ndugu wa ukoo huohuo wa beni. J. Clyde Mitchell aliieleza katika kijitabu cha mwaka 1956 baada ya kukitazama kikundi cha vijana wa Kibisa huko Luanshya. Ngoma zilikuwa mapipa ya mafuta ya galoni 44 yaliyowambwa ngozi ya ng'ombe. Vijana wamevaa suruali za kupigwa pasi, viatu vinang'aa, nywele zimechanwa. Yuko Kingi mwenye suti na tai. Yuko daktari, koti jeupe na msalaba mwekundu kifuani. Na yuko mwanamke mmoja tu katika kikundi kizima, sista wa hospitali, naye kavaa nyeupe. Kazi yake ni kumzungukia kila mchezaji na kioo na leso, ajitazame, ajifute, aendelee kupendeza.

Kwa kipimo cha umbo, sista huyu na kioo chake ni mila iliyobuniwa vizuri kuliko nyingi nilizozisoma katika vitabu. Ina chombo kinachoshikika. Ina njia, maana analizunguka duara zima. Ina sababu ya kurudiwa, maana jasho halikomi. Na hakuna aliyesimama katikati kutangaza maana yake. Hospitali ya mgodi ilikuwa pale pale, kila mtazamaji aliijua, na alikuwa huru kuona kejeli, au tamaa, au usafi tu. Mtu wa Walenisi angekuwa ameshatupa aya tatu.

Lugha ya ndani ya nchi kama hizo hufuata sheria ileile. Huku kwetu dhahabu ya Lupa iliwavuta watu tangu miaka ya 1920, mgodi wa New Saza ukafanya kazi kati ya 1939 na 1956, na New Luika unazalisha tangu 2012. Wachimbaji wadogo wana maneno yao: duara ni shimo, karasha inasaga mawe, mwalo ni pa kuoshea, marudio ni mchanga uliokwisha kuoshwa ambao bado una kitu. Mgeni akifika na kujua maneno hayo manne anaweza kuomba kazi. Hayakukusanywa ili yapendeze. Kila moja lina mtu anayelihitaji kabla ya saa sita mchana. Nimesoma miswada ya vijana wenye faharasa ya kurasa kumi, majina ya panga na divai za wafalme wa milimani, na hakuna neno hata moja la kumwambia mtu asogee.

Watoto wa pwani walikuwa na njia fupi zaidi. Kinyume hakina faharasa. Unachukua silabi ya mwisho unaitanguliza: nyumba inakuwa mbanyu, chakula lachaku, mbuzi zimbu. Kanuni moja, na papo hapo wote mna lugha yenye maneno sawa na Kiswahili kizima, ambayo mama jikoni inamchelewesha kidogo. Mchezo wa Dungeons & Dragons ulipotoka Marekani mwaka 1974 ulifanya jambo la jamaa hiyo: uliuza kanuni na ngazi za vyeo, ukawaachia wanunuzi wajaze miji wenyewe. Bara letu lilikuwa na miaka 80 hivi ya mazoezi.

Lakini beni ina mahali isipofika. Nyimbo zake ziliweza kumcheka mpinzani hadi aibu imshike, ila umbo lenyewe halina kizimba. Kingi anaweza kuchekwa, kubadilishwa, kuzidiwa kwa mavazi; sioni katika gwaride lake pa kumsimamisha aulizwe kwa nini amefanya alivyofanya. Mgomo wa migodi ya shaba ulipotokea mwaka 1935 na watu sita wakapigwa risasi Luanshya, tume ya serikali iliuliza habari za chama cha mbeni, yaani beni ya huko. Kuuliza huko kulitoka nje ya ngoma.

Kusadikika ina kizimba, na hapo ndipo nairudia kwa jicho jingine. Niliposema jina huko limekwisha kumwamulia mtu kila kitu, yuko mmoja niliyemruka. Karama, Majivuno, wajumbe wote sita wamebebeshwa sifa zao tangu mwanzo, lakini aliye juu yao wote anaitwa Mfalme tu. Anasikiliza siku hadi siku. Hatujui ataamua nini, kwa kuwa hakuna jina la kutuambia, na mwishowe Karama anaachiwa na wajumbe wanafunguliwa. Badiliko kubwa kuliko yote kitabuni linatoka kwa mtu pekee ambaye mwandishi alimpa kiti bila kumpa tabia. Katika kikao cha watu wanne jioni, hiyo ndiyo nafasi ambayo ningegombania kuicheza.