Bata Aliyefika Kisimani

"Bata alipofika kisimani akamkuta simba." Sarufi imetulia, na katika ngano bata kwenda kisimani si ajabu. Nilishaipita sentensi hiyo, nikarudi kwa sababu moja tu: hadithi ile haikuwa na bata popote. Nikaifungua picha ya ukurasa, nikaikuza. Wino ulikuwa umeziba uwazi wa juu na wa chini wa herufi H. Kitabu kilisema "Hata alipofika kisimani", ile hata ya wasimulizi wa zamani, na aliyefika alikuwa sungura.

Tangu hapo, nikiletewa maandishi yaliyotolewa kwenye kitabu kilichoskaniwa, siyapimi kwa makosa yanayoonekana upesi. Kompyuta ikisoma "ameknja", kosa limejitangaza lenyewe. Hata mwenye usingizi atalikamata. Kazi nzuri huonekana kwenye makosa ambayo ni maneno halali. Kiswahili kinayo mengi. Herufi u na n ni umbo lilelile lililopinduliwa, kwa hiyo "kuna" hugeuka "kuua", na "kuua" hugeuka "kuna". Mbaya zaidi ni n na i zikishikamana: mashine huona m, na "nimekuja kuomba maji" huwa "mmekuja kuomba maji". Mgeni ameshakuwa mwenye nyumba, wala kikagua tahajia hakitapiga mstari mwekundu. Msomaji wa prufu aliyekamata hilo amefuata hadithi, hakufuata herufi peke yake.

Halafu natazama alichokiacha bila kukigusa, na hapa ndipo wajuzi wa lugha wanapoharibu. Edward Steere, katika Swahili Tales iliyotoka London mwaka 1870, aliandika "killa" na "marra". Kamati iliyokuja kusanifisha tahajia ilianza kazi mwaka 1930, miaka 60 baadaye. Anayeyageuza maneno hayo yawe "kila" na "mara" anadhani anasaidia, kumbe anafuta ushahidi wa jinsi lugha ilivyoandikwa. Nikikuta ukurasa wenye "killa" saba na "kila" moja, naishuku ile moja. Huenda ni ya mpigachapa, huenda ni ya mkono wa mrekebishaji. Jibu liko kwenye picha. Na kama mpigachapa ndiye aliyekosea, neno libaki lilivyo, maelezo mafupi yawekwe kando yake, atakayefuata aamue. Katika Distributed Proofreaders, mradi wa watu wa kujitolea ulioanza mwaka 2000 ili kuiandalia Project Gutenberg vitabu, maelezo hayo hukaa ndani ya mabano ya mraba, yakitanguliwa na nyota mbili. Ukurasa mmoja huko kwa kawaida husomwa kwa raundi tatu kabla ya kupangwa. Naona ni haki yake.

Kistari cha mwisho wa mstari nacho humfichua mtu. Mstari umeishia "pole-", unaofuata umeanza na "pole". Je, mwandishi aliandika "polepole" au "pole-pole"? Mzembe huamua kwa mazoea yake. Makini hulitafuta neno hilo katikati ya mstari kwingine katika kitabu hichohicho, alifuate. Asipolipata, huacha alama.

Watu husifu kusoma kwa sauti, mmoja akisoma na mwenzake akifuata kwenye picha. Ni kweli, sikio lingemkamata yule bata. Lakini "killa" na "kila" sikioni ni kitu kimoja. Na ipo hatari ambayo sisi tuliozaliwa na lugha hii tunayo kuliko mgeni: palipoandikwa "ngombe", mdomo wetu hutamka ng'ombe, nasi hatujui kwamba tumesahihisha. Ritifaa ni alama ndogo mno. Kwenye karatasi iliyozeeka hufifia, na mashine huidhani doa. Ikipotea, ng'oa hubaki ngoa, na ngoa ni wivu.

Kwa hiyo faili likinijia na habari kwamba limekamilika, kabla sijasoma hata aya moja natafuta kila penye "ng". Naweka picha upande huu, maandishi upande huu, napita moja baada ya nyingine. Mtunzi kama hakuweka ritifaa, siiongezi. Kama aliiweka, hata ikiwa imebaki chembe ya wino juu ya herufi, nairudisha mahali pake.