Kuhiji Kisangani na Kuipita Banalia

Parokia ikipanga safari ya kuzuru mahali pa kale pa Kanisa huko Kisangani, watu hutoa fedha zao, huacha mashamba yao, na hustahimili njia mbaya. Basi si vibaya kuuliza kama safari yenyewe imepangwa vema. Mimi naona ina kasoro, na kasoro kubwa kupita zote ni kwamba inaishia mjini.

Ziara ya kawaida ina vituo vitatu: Kanisa Kuu la Mama Yetu wa Rozari, misheni ya Mtakatifu Gabrieli, na maporomoko ya Wagenia. Kanisa kuu halihitaji maneno mengi. Mtu huingia, hupiga magoti, huona. Maporomoko nayo yana raha yake. Mitego ya wale wavuvi, iliyofungwa kwenye miti mikubwa juu ya maji yaendayo kasi, ni kazi ya watu wenye akili, wala sioni kosa mhujaji kula samaki pale akiisha kusali rozari yake.

Lakini kule Mtakatifu Gabrieli sipendi jinsi habari inavyosimuliwa. Tunaambiwa kwamba Padre Gabriel Grison, Mfaransa aliyekwisha kufanya kazi Ekwado, alitumwa na Padre Léon Dehon, mwanzilishi wa Mapadre wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, akaanzisha misheni wakati wa Noeli ya mwaka 1897. Mwaka 1908 akawa Vikari wa Kitume wa kwanza. Mwaka 1942 akafa. Yote ni kweli, naye astahili heshima. Ila padre mmoja hafyatui matofali ya kanisa zima, wala hafundishi katekisimu katika vijiji mia kwa mara moja. Makatekista waliotembea msituni na kitabu kimoja na kengele, wanawake waliowapikia watoto wa shule, wako wapi katika masimulizi hayo? Kiongozi akiwataja, huwataja kwa sentensi moja, kisha anatuonyesha ukuta.

Tena hasemi neno juu ya lugha. Mwaka 1887 Tippu Tip alifanywa liwali wa Maporomoko kwa jina la mfalme Leopold. Kiswahili kilifika huko pamoja na misafara yake ya pembe na watumwa. Miaka kumi tu baadaye Misa ikasomwa mahali hapo, na lugha ile iliyotumika kuhesabu watumwa ikatumika kufundisha Baba Yetu. Hata watawa wa kike waliozaliwa katika nchi hii wakaitwa kwa Kiswahili: Jamaa Takatifu. Mgeni asipoambiwa jambo hili, ameona matofali tu.

Kutoka Kisangani barabara ya Buta huenda kaskazini, na baada ya kilometa 128 hivi hufika Banalia, ukingoni mwa mto Aruwimi. Wahujaji hawaendi. Wanaoijua Banalia zaidi ni wasomaji wa vitabu vya safari za Wazungu, kwa sababu hapo mwezi wa Julai 1888 Meja Barttelot, aliyeachwa na Stanley kuongoza kikosi cha nyuma, alipigwa risasi na mtu wa msafara, baada ya ugomvi juu ya ngoma ya mke wake. Mwezi uliofuata Stanley akafika, akakuta kambi ya njaa na maiti. Habari hiyo imeandikwa mara nyingi mno kwa kadiri ya thamani yake.

Habari ya pili ya Banalia haikuandikwa sana. Mwishoni mwa Novemba 1964, wakati wa maasi ya Simba, wamisionari waliokamatwa hapo waliuawa, na miili yao ikatupwa mtoni. Walikuwa Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, na watoto wadogo walikuwamo. Sasa tazama tarehe. Mnamo Novemba 21 ya mwaka huo huo, huko Roma, Mtaguso Mkuu ulitangaza hati juu ya umoja wa Wakristo. Maaskofu walijadili miaka kadhaa namna ya kuwaita wale wengine ndugu. Siku chache tu baada ya hati kutiwa sahihi, mto Aruwimi uliwapokea wote bila kuuliza dhehebu la mtu.

Najua watakaojibu: Banalia hakuna la kuona. Mto hauna kaburi la kuwekea maua. Na kwa hiyo wanapendelea kufika Isiro, penye kaburi la Mwenye Heri Anuarite, aliyeuawa usiku wa kuamkia Desemba 1, 1964, akimsamehe aliyempiga. Siwakatazi. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri Kinshasa, Agosti 15, 1985, na kumheshimu ni haki yetu na furaha yetu. Lakini yeye ni mmoja wa wengi wa majuma yale. Askofu Wittebols wa Wamba aliuawa Novemba 26. Wakongo wengi sana waliuawa Kisangani yenyewe miezi iliyotangulia, baba za watu, makarani, walimu, na hawana sanamu. Tukimzuru Anuarite peke yake, ni kama kusoma jina la kwanza katika orodha na kufunga kitabu.

Kwa hiyo napendekeza utaratibu mwingine. Siku ya kwanza iwe Mtakatifu Gabrieli, na mzee wa parokia, si kijana mwenye kamera, asimulie habari za makatekista. Siku ya pili kundi lipande gari alfajiri kwenda Banalia. Padre asome Misa ya marehemu karibu na maji, na Wakristo wa makanisa mengine ya hapo waalikwe mapema kwa barua, wasije wakasikia habari zetu sokoni. Kisha majina ya waliokufa yasomwe kwa sauti, ya pande zote mbili. Majina ya mapadre yatafutwe kwa shirika lao. Ya Waprotestanti yaombwe kwa wachungaji wao. Na kiongozi ambaye amepata nusu tu ya orodha asiwashe gari bado.